Kazi Haiposwi

Swaumu alikuwa ananyonyesha mtoto wao wa siku hamsini. Mumewe, Twalibu, alikuwa anapiga pasi shati lake moja la heshima. Mara kuku akalia mlangoni.

"Hodi! Bwana harusi yuko tayari?"

Alikuwa mjomba wake Twalibu, mzee Mwinyimadi. Kanzu nyeupe, kuku kwapani.

Twalibu hakucheka. Leo saa tano anatakiwa Kisarawe kwenye usaili, yaani kuulizwa maswali ya kazi. Duka jipya la ushirika linataka mtu wa kuhudumia wateja. Mmoja tu. Akikosa, Jumamosi anapanda lori la manamba, anakwenda Tanga kukata mkonge miezi tisa. Akirudi, mtoto hamjui.

"Shikamoo, mjomba. Kuku wa nini?"

"Marahaba. Wa meneja! Mimi nitasema, wewe utainama kimya. Ndivyo tulivyokuposea huyu Swaumu, na tukapewa."

Jirani yao Mwishehe alikuwa anapita na jembe. Huyu aliuza tiketi za treni stesheni ya Soga miaka mingi. Alicheka mpaka jembe likamponyoka.

"Mzee Mwinyimadi, kazi haiposwi! Meneja akimwona kuku, atasema rushwa. Na wewe ukijibu maswali, atakuajiri wewe."

"Nisimame kutwa kwa magoti haya?"

Mwishehe akamgeukia Twalibu. "Atakuuliza unajua nini. Utajibuje?"

Twalibu akatazama chini. "Najua kidogo tu, Mungu akipenda."

"Umeshakosa! Cheti cha darasa la nne unacho?"

"Ninacho."

"Kupima uzito kwa ratili?"

"Najua vizuri."

"Basi sema hivyo. Siyo majivuno, ni kweli. Usilolijua, sema hulijui, ila uko tayari kujifunza. Na umtazame mtu usoni. Nani atanunua chumvi kwa mtu anayehesabu vidole vyake vya miguu? Halafu, anaweza kukukasirisha makusudi. Usipandishe sauti."

"Na mimi je?" aliuliza mjomba.

Twalibu hakuwahi kumkatalia mjomba wake hata siku moja.

"Mjomba, wewe ndiye uliyenilea. Lakini leo niache niende peke yangu. Keti, Swaumu akupe uji. Nikirudi, wewe ndiye wa kwanza kusikia."

Mzee alinuna. "Haya. Na kuku?"

"Amepona," alisema Mwishehe.

Dukani, vijana wawili walimtangulia. Wa kwanza alitoka kwa hasira, akaubamiza mlango. Wa pili alitoka anafuta jasho.

"Twalibu!"

Meneja Isihaka alimtazama juu ya miwani. "Unajua kupima kitambaa kwa yadi?"

Hakujua. Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Akaukamata.

"Bado sijui, bwana. Kupima kwa ratili najua vizuri. Yadi nikifundishwa, nitajua."

Ghafla meneja alipiga meza kama mteja mwenye hasira. "Sukari yenu ina mchanga! Wezi nyie!"

Twalibu aliruka. Lakini macho hakuyashusha.

"Pole sana, mzee wangu. Nionyeshe hiyo sukari tuitazame pamoja. Kama ina mchanga, nitakubadilishia."

Meneja akaandika. Kalamu ilikwaruza, ikakwaruza. Twalibu alitamani kuchungulia.

"La mwisho. Watu kumi wamepanga foleni. Anakuja mzee unayemheshimu sana, anawapita wote. Anataka mafuta ya taa. Utafanyaje?"

Jana angejibu haraka: nitampa yeye kwanza. Leo hakuharakisha.

"Nitamwamkia, bwana. Nitampa kiti. Nitamwomba asubiri, na zamu yake ikifika nitampelekea mafuta hapo hapo alipoketi."

"Akinuna?"

"Atanuna, bwana. Leo asubuhi mjomba wangu kaninunia, na bado ni mjomba wangu."

Meneja akavua miwani. Kwa mara ya kwanza akacheka.

"Jumatatu, saa moja kamili. Ukichelewa, nitanuna mimi."

Jumamosi lori la manamba lilipita bila Twalibu.

Jumatatu foleni ilifika barabarani. Mama mmoja akapiga kaunta kwa kiganja.

"Duka gani hili? Mnatukausha juani kama muhogo!"

Twalibu alimtazama usoni. "Karibu, mama. Tumekuchelewesha, utusamehe. Nikupe nini?"

Yule mama alikuwa na maneno mengine mengi, ameyapanga tangu nyumbani. Yote yakamwishia mdomoni.

"Nipe... nipe chumvi, mwanangu."