Msumeno Uliozunguka Kinyume

Tunaanza kwa jina la Mola aliyeuficha moto ndani ya jiwe na nguvu ndani ya maji, kisha akawapa waja wake akili ya kuvitafuta. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema. Baada ya hayo, wanangu, tuwataje watu wa kisa hiki kwa taratibu, mkubwa kwanza na mdogo baadaye.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Mustapha Rutashobya, fundi seremala wa Bakoba, mjini Bukoba. Aliyemfuata ni Yoeli, Mlutheri wa Kamachumu, baba wa watoto wawili, aliyefanya kazi pamoja na mzee kwa miaka sita. Kisha alikuwapo Kokubanza, binti yake mzee, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Na rafiki yake Benadetha, mtoto wa jirani, ambaye mdomo wake haukujua likizo.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu walipokuwa wakijenga shule kwa mikono yao wenyewe. Kijiji kimoja cha upande wa Muleba kilikuwa kimemwagiza Mzee Mustapha madawati arobaini, kwa maana watoto wa huko walikuwa wakiandika wakiwa wamekaa juu ya majani makavu ya migomba.

Karakana ya mzee ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya jiko. Kila siku baada ya kutoka shuleni, Kokubanza aliifagia, akaukusanya unga wa mbao za mvule uliokuwa na harufu ya kupendeza, akazipanga mbao fupi na ndefu. Hapakuwa na mahali alipopapenda kuliko pale. Mtu akimuuliza atakuwa nani akikua, alijibu bila kusita, "Fundi."

Ndani ya kibanda hicho mlikuwa na msumeno wa mviringo uliozungushwa na mota kuukuu kwa mkanda. Mota ile ilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa fezi tatu, yaani umeme unaoletwa na nyaya tatu zinazosaidiana. Nyumbani kwa mzee ulikuwa umefika waya mmoja tu wa moto. Kwa hiyo swichi ilipowashwa, mota ilinguruma kama fahali aliyefungwa, lakini haikuzunguka.

Mafundi wa siku zile hawakushindwa upesi. Mzee aliviringisha kamba kwenye puli ya mota, yaani gurudumu dogo la mkanda, kama mtoto anavyoviringisha uzi kwenye pia, akaivuta kwa nguvu. Mota ilipokuwa imekwisha kuzunguka, Yoeli aliwasha swichi, nayo ikashika kasi yenyewe. Watoto walikatazwa kuigusa kamba hiyo. "Mtoto atakayeigusa," mzee alisema, "hataingia tena humu."

Ijumaa moja alasiri, mzee alikuwa msikitini na Yoeli alikuwa amekwenda dukani kununua misumari. Benadetha alisimama mlangoni akitafuna muwa.

"Mwenzangu, una msumeno wa umeme nyumbani, na kazi yako ni kuparua chini kama kuku!"

"Nimeona kamba ikivutwa mara mia," Kokubanza alijibu. "Ninaweza."

"Kuona si kuweza. Mimi kila Jumapili namwona padri akisoma misa. Je, nimekuwa padri?"

Maneno hayo yalimchoma Kokubanza. Aliiviringisha kamba, akaivuta kwa nguvu zake zote, akawasha swichi. Mota ilishika kasi! Benadetha alipiga kigelegele. Kokubanza alichukua kipande cha ubao, akakisogeza kwenye msumeno kama alivyomwona baba yake akifanya.

Ubao ulinyakuliwa mikononi mwake, ukaruka hadi upande wa pili na kugonga bati kwa kishindo. Msumeno ulianza kuyumba na kulialia. Kokubanza aliizima swichi. Ndipo alipogundua kwamba meno ya msumeno yalikuwa yakizunguka kinyume. Alikuwa ameviringisha kamba upande usiofaa.

"Vidole vyako vyote vipo?" Benadetha aliuliza kwa sauti ndogo. Alivihesabu mwenyewe, kisha akasema, "Tusimwambie mtu." Akakimbilia kwao.

Jioni ile Kokubanza hakula. Mama yake alimgusa paji la uso akidhani ana homa. Homa haikuwapo. Lililokuwapo ni neno moja alilolificha. Akilisema, ataipoteza karakana. Asiposema, ule msumeno ulioyumba utakuwa ukimngoja baba yake.

Jumamosi asubuhi mzee aliingia kazini na Yoeli, Kokubanza akasimama mlangoni.

"Yoeli, nati ya msumeno umeikaza?"

"Waitu, niliikaza jana adhuhuri kwa spana kubwa. Haitikisiki," Yoeli alijibu; waitu ni neno la heshima kwa Kihaya.

"Bismillahi," mzee alisema, akaivuta kamba. Puli ikazunguka. Yoeli akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Kaka Yoeli, usiwashe! Tata, ni mimi! Jana niliiwasha, ikazunguka kinyume!" Kokubanza alimpigia baba yake kelele.

Mkono wa Yoeli ulibaki hewani. Mota ilipotulia, mzee aliinama akaishika nati kwa vidole viwili. Ilizunguka bila spana, ikaangukia kiganjani mwake.

"Ungeruka msumeno huu," Yoeli alisema, "mimi ndimi ningeulizwa. Na jana niliikaza kweli."

"Ulikaza kweli, ndugu yangu," mzee alimjibu. "Ukizungushwa kinyume, msumeno huilegeza nati yake wenyewe." Kisha akamgeukia binti yake. "Kokubanza, nilisema nini kuhusu kamba hii?"

"Kwamba nikiigusa sitaingia tena, Tata." Machozi yakimtiririka, alimsimulia yote, hata maneno ya Benadetha kuhusu padri.

"Basi hutaingia hadi dawati la arobaini liwe limekamilika. Utayapiga msasa yote huko nje, wewe na huyo padri wako. Baada ya hapo utaingia, nasi tutakufundisha."

Yoeli alicheka, akachukua rangi nyekundu na kuchora mshale juu ya puli, kuonyesha upande wa kuzungusha. Wasichana wale walipiga msasa kwa wiki tatu, hata Benadetha akakosa nguvu za kusema. Siku lori lilipokuja kuyachukua madawati, mzee alimwita Kokubanza ndani, akamsimamisha mbele ya mota.

"Mwanangu, mota hii ikikosa nyaya zake tatu haina upande wake. Hufuata mkono ulioizungusha kwanza, uwe wa kulia au wa kushoto. Nawe siku ile ulizungushwa na maneno ya mwenzio, ukaenda kinyume. Lakini mota haiwezi kusimama ikasema, 'Nimekosea.' Mwanadamu anaweza. Ukweli wako ulichelewa usiku mmoja, lakini ulifika kabla ya swichi, ndiyo maana mimi na Yoeli tuna mikono yetu. Kosa liseme lingali dogo."

Kisha akampa kamba, akamwonyesha jinsi ya kuiviringisha.

Mzee Mustapha ametangulia mbele ya haki; Mola amlaze mahali pema. Na waliobaki, Kokubanza, Yoeli na Benadetha, pamoja nanyi mnaosoma, Mola awahifadhie vidole vyenu kazini, authibitishe ukweli katika ndimi zenu, na azibariki nyumba zenu. Amina.