Ezéchiel Aliyeng'arishwa

Kila alasiri baada ya shule, Chancelle alivua sare, akala bugali, kisha akakaa mbele ya kompyuta katika studio ya picha ya baba yake, papa Chrispin, mjini Bukavu. Ulikuwa mwaka 2002. Vita vilikuwa vimewamwaga watu barabarani, lakini wateja waliendelea kuja wakiwa wamejipaka mafuta, na ombi lao lilikuwa lile lile: wang'arishwe. Chancelle, mwenye miaka kumi na mitatu, aliweza kumfanya mtu mweusi tii atoke mweupe kwenye karatasi. Upuuzi mtupu, lakini ndio uliopendwa.

Siku hiyo maman Marcelline, aliyewatunza watoto waliopotezana na jamaa zao vitani, aliingia bila hodi. Alitupa mezani bango lenye picha za watoto hao. Studio ndiyo iliyolichapisha, likabandikwa makanisani.

"Huyu iko nani?" aliuliza, akigonga uso mmoja kwa kidole.

"Ni Ezéchiel," alijibu Chancelle.

"Ezéchiel gani? Koko yake alisimama mbele ya hii karatasi kule Katana. Kusoma hajue, aliangalia sura tu. Akalia, akasema: 'Hapa iko batoto beupe tu. Mujukuu wangu iko mweusi, na triko yake ni ya damu ya muzee.' Akaenda! Katekista ndiye alinitumia habari, lakini njia yenye alipita haijulikane. Mutoto iko na quatre ans, miaka ine tu, hata jina ya baba yake hajue. Tukikosa ule muzee, nani atamujua?"

Papa Chrispin alilitazama bango, uso ukamkunjamana. "Nani alifanya hivi?"

"Ni miye!" Chancelle alifoka. "Batu bote banapendaka vile, papa. Wewe mwenyewe ulinifundisha! Nilibapendezesha, sasa ninatukanwa?"

"Koko alikuwa anatafuta mutoto, hatafute mapambo!" maman Marcelline alimkemea. "Na wewe, papa Chrispin, uliachia kazi itoke bila kuiangalia."

Chancelle aliinuka kwa hasira ili aondoke. Mlangoni alimkuta mtoto mdogo aliyekuja na maman Marcelline. Hakuwa amewahi kumwona isipokuwa kwenye skrini. Alikuwa mweusi kweli, na sweta yake ilikuwa ya damu ya mzee. Kwenye bango sweta hiyo ilikuwa ya waridi, na uso ulikuwa umepauka hata pua haikuonekana vizuri. Hasira ya Chancelle ikageuka, ikamwangukia mwenyewe. Alirudi kitini.

Picha ya asili ilikuwa bado kwenye kompyuta. Kwenye skrini ilionekana safi, lakini ilipochapishwa ilitoka nyekundu mno.

"Usiamini skrini," baba yake alisema. "Ile iko na mwanga yake yenyewe. Karatasi haina. Kuja nayo hapa inje."

Walichapisha vipande vidogo, kwa sababu wino ulikuwa adimu tangu njia zilipofungwa. Kila kipande walikiweka juu ya sweta, kwenye mwanga wa jua. Chancelle alipunguza wekundu, akachapisha, akalaani, akarudia. Mwishowe Ezéchiel mwenyewe aligusa karatasi, kisha kifua chake. "Miye," alisema.

Mabango mapya yalibandikwa kuanzia Nyantende mpaka Katana. Jumapili moja koko alimwona mjukuu wake kwenye ukuta wa kanisa huko Kasha. Alipokwisha kumkumbatia nyumbani kwa maman Marcelline, alitaka kupelekwa studio.

"Nani alinibadirishia mutoto?" aliuliza.

Chancelle alisimama. "Ni miye, koko. Unisamehe."

"Vita ilinikamatia bote, ikaniachia huyu mumoja," koko alisema, sauti ikipanda. "Na weye ukamufuta! Mwenye kutaka kungaa, umungarishe, ni mambo yake. Lakini mutu mwenye anatafutwa, umuonyeshe vile iko. Ukimupamba, unamupoteza mara ya pili. Unasikia?"

"Ninasikia, koko."

Mzee huyo hakutabasamu. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akampakata Ezéchiel, akainua kidevu.

"Sasa utupige picha, sisi babili," alisema. "Na usituguse rangi."