Kompyuta Ndani ya Sanduku la Bibi Najma

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kunywa chai, Siwema aliwaamkia wakubwa wa nyumba yao ya Magomeni, na papo hapo akakagua kompyuta zake. Alianza na ya kwao, iliyokaa mezani karibu na televisheni. Akaenda chumba cha uani kwa Mwalimu Hyasinta. Akavuka uchochoro hadi kwa kaka Wilbert. Mwisho alipiga hodi chumba cha mbele kwa Bibi Najma, mwenye nyumba, ambako kulikuwa na laptop ya mjukuu wake Abdulatif, aliyekwenda Mtwara kikazi.

Kompyuta hizo nne zilikuwa zinafanya kazi ya kujitolea. Watafiti wa dawa za malaria wana hesabu kubwa mno, zinazoishinda kompyuta moja kama mzigo wa lori zima unavyomshinda mpagazi mmoja. Basi huzigawa vipande vidogo vidogo, na mtu yeyote anaweza kuwaazima kompyuta yake ipige hesabu wakati haitumii. Mjomba Nurdin, fundi kompyuta wa Kariakoo, ndiye aliyemfundisha Siwema haya. Hata akiwa mbali, Siwema aliziangalia kwenye simu: mistari minne, kila mmoja wa kijani mashine ikiwa kazini, na pembeni yake joto la mashine hiyo.

Abdulatif alikubali kwa sharti moja. "Bibi ajue," alimwambia Siwema. "Akitaka izimwe, unaizima."

Shida ilikuwa hapo. Bibi Najma hakupenda kitu chochote kiwake chumbani wakati yeye amelala. Siwema naye alipenda mistari yake yote minne iwe ya kijani, mchana na usiku. Basi aliitengeneza ile laptop kimyakimya, ikawa hata ukifunga mfuniko wake inaendelea na kazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Homa imenishika tangu jana, nimemeza dawa, sasa nalala. Hicho kidude cha Abdul umekizima?"

Siwema akafunga mfuniko. Kioo hakikuonekana tena.

"Nimezima, Bibi."

"Haya. Nenda salama. Mwambie mjomba wako redio yangu imekaa kwake mpaka imeota ndevu."

Siwema alicheka, akatoka. Nyuma yake Bibi Najma alifanya kama anavyofanya kila mtu mwenye akili mtaani kwao, ambako vibaka huchungulia madirishani. Aliichomoa laptop kwenye umeme, akaizungushia khanga, akaitia ndani ya sanduku la nguo chini ya kitanda. Akafunga mlango kwa komeo. Akajilaza.

Karakana ya Mjomba Nurdin, alikokwenda Siwema kusaidia kila Jumamosi, iko ghorofani. Chini yake wenye mikokoteni hupiga kelele za "pisha, pisha" tangu asubuhi. Siwema alikuwa anapangusa vumbi kwenye mashine ya mteja alipochungulia simu yake. Mistari mitatu ilikuwa ya kijani. Wa nne ulikuwa mwekundu, na joto lake lilikuwa juu kuliko alivyowahi kuliona.

Alibonyeza mahali pa kusimamisha kazi. Amri ikabaki inasubiri, kwa sababu mashine hutuma joto lake kila dakika, lakini amri huzichukua mara moja tu kwa saa. Akabonyeza tena. Joto likapanda. Kisha namba zikatoweka kabisa, pakabaki maneno: haipatikani.

Akampigia Bibi Najma. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Iliita, ikakatika.

"Unampigia nani wewe? Mchumba?" mjomba alimtania bila kuinua kichwa.

"Hapana, Mjomba. Rafiki yangu."

Huo ulikuwa uongo wa pili siku hiyo. Siwema aliinama akaendelea kupangusa. Labda intaneti ya nyumbani imekatika, alijiambia. Akaangalia ile mitatu. Yote ya kijani. Intaneti ilikuwepo. Angemwambia nani, na angeanzia wapi? Alipiga mara nyingine tena. Ikaita, ikaita.

Brashi ikamponyoka.

"Mjomba, nimefanya jambo baya."

Nurdin aligeuka.

"Laptop ya Abdulatif inaungua. Nilimwambia Bibi nimeizima, na sikuizima. Sijui ameiweka wapi. Anaumwa, amelala, hapokei simu."

Mjomba hakugomba. Alichomoa kwenye umeme pasi yake ya kulehemu nyaya.

"Nani yuko nyumbani?"

"Mwalimu Hyasinta."

"Mpigie. Mwambie yote. Usiruke hata neno."

Siwema alipiga huku wanashuka ngazi. Alisema yote, uongo wake ukiwemo, mbele ya wapita njia. Upande wa pili alisikia ndala za Mwalimu zikikimbia ukumbini. Akasikia mlango unagongwa. "Bibi Najma? Bibi?" Kimya. Kisha sauti ya Mwalimu ikabadilika: "Siwema, kuna moshi chini ya mlango." Kishindo kimoja. Kingine. Simu ikakatika.

Walipanda bodaboda wote wawili. Barabara ilikuwa imejaa; mkokoteni wa magunia umekwama katikati na hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Siwema alipiga simu ya Mwalimu, haikupokelewa. Alishika shati la mjomba wake kwa nguvu, akalia bila sauti. Alimwona Bibi Najma machoni mwake, na hakumwona akiamka.

Walipofika, watu walikuwa wamejaa barazani. Siwema alipenya kati yao. Bibi Najma alikuwa ameketi mkekani, anakohoa, Mwalimu Hyasinta anampepea, bega lake mwenyewe limevimba kwa kuvunja mlango. Uani lilikuwepo sanduku, limefukiwa mchanga, bado linafuka. Laptop ilikuwa imevimba na kupasuka. Khanga zilizoizunguka zilikuwa majivu. Zilikuwa doti ambazo Bibi aliletewa na marehemu mumewe.

Siwema alipiga magoti. "Nisamehe, Bibi. Nilikudanganya."

"Nimeshaambiwa," alisema Bibi kwa sauti iliyokwaruza. Hakusema zaidi siku ile, na Siwema aliona afadhali angepigwa.

Jioni alimpigia Abdulatif mwenyewe, akamweleza. Tangu hapo kila Jumamosi alifanya kazi karakanani bila kuchezea simu, hadi Mjomba Nurdin akapata laptop nyingine kuukuu ya kumlipa Abdulatif, wakaifufua pamoja. Khanga hakuna fundi aliyeweza kuzifufua.

Siku alipoipeleka, aliiweka mezani mbele ya Bibi.

"Bibi, hii inapiga hesabu za dawa ya malaria. Inawaka sasa hivi. Hata nikiifunga inaendelea, na inapata moto. Isifunikwe. Ukitaka, naizima sasa."

Bibi Najma aliinama kuitazama.

"Kumbe ni hayo tu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi siku ile ungeniambia hivyohivyo ningeiacha mezani, na ningekaa macho. Mimi nilifanya kama mtu aliyeambiwa ukweli. Ukimdanganya mtu, mwanangu, unamwondolea nafasi ya kujilinda. Neno lako lilikuwa moja tu, na mimi nililala juu yake." Akasogeza kiti chake karibu na meza. "Haya, ipige hesabu zake, nipo hapa. Jioni uje uizime, nione kwa macho yangu."

Jioni Siwema alikuja, akaizima mbele yake, wakasubiri wote wawili mpaka feni yake ndogo iliponyamaza. Kwenye simu mstari wa nne ukafifia, ukawa wa kijivu. Siwema aliutazama, akaiweka simu mfukoni, akaenda kumchemshia Bibi chai.