Hakimu Alinipa Maiti ya Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na sita, mama wa mabinti wawili, naishi Msambweni. Ndugu wasomaji, mimi ni mjane niliyeshinda kesi... na tangu siku hiyo ya ushindi sijapata usingizi wa maana.

Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani. Alizaliwa upande wa Kinango, Mduruma wa nyumba ya Kikristo, akiitwa Samweli. Aliponiposa, baba alimwambia wazi kuwa haniozi kwa asiyekuwa Mwislamu. Akakubali. Alitamka shahada mbele ya imamu wetu, akaitwa Salim, tukafungishwa nikaha.

Nilimpenda mno! Alifunga Ramadhani, Ijumaa hakukosa msikitini. Ningetaka nini zaidi?

Krismasi tu ndiyo hakuwa akilala nyumbani. Aliniambia wageni wamejaa hotelini. Nami nikimfungia haluwa awapelekee wenzake wa jikoni...

Asubuhi moja alianguka kazini, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Kwetu maiti haiwekwi. Kaka zangu walikwenda mochari kumchukua, huku nyuma sanda iko tayari na kaburi linachimbwa. Wakarudi mikono mitupu! Mama mkwe alikuwa ametangulia mahakamani kutaka mwanawe azikwe kwao Kinango, kwa taratibu za kanisa lao. Hakimu akaamuru maiti isiguswe mpaka kesi isikizwe.

Jamani! Mnajua uchungu wa kuoga maji ya moto huku mtu wako yuko kwenye barafu? Mvua ilinyesha, lile kaburi likajaa maji. Mimi niko edani, sistahili kutoka, lakini imamu alisema hii ni dharura. Nikajitanda, nikapanda kwenda Kwale mahakamani.

Nilieleza habari za shahada na nikaha, imamu akashuhudia. Kisha akasimama mama mkwe, mwembamba, sauti haisikiki vizuri.

"Mheshimiwa, mwanangu hakuacha kanisa," alisema. "Aliniambia amebadili jina ili apewe mke. Kila Krismasi alikuwa kwangu, tukishiriki meza ya Bwana pamoja. Alikuwa akija na haluwa, akisema mkewe ndiye aliyenifungia."

Haluwa yangu! Mchungaji wao naye akathibitisha. Wakili wangu alininong'oneza akiniuliza kama nina la kujibu. Nikatikisa kichwa. Yule mama hakusema uongo. Wala mimi sikusema uongo. Aliyetudanganya sote wawili alikuwa mochari, kimya...

Hakimu alisema yeye hawezi kuingia ndani ya moyo wa marehemu. Sheria inatazama ndoa, na mke aliyeishi naye. Akanipa mimi. Alasiri ile ile wanaume wakamzika kwa taratibu zetu.

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Tulibaki ndani, na mama mkwe akaja akakaa mkekani karibu yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, serikali imekupa wewe, nami sikupingi tena. Niambie jambo moja tu. Mlipokuwa wenyewe, mtoto akiwa mgonjwa, alimwomba nani?"

Nilijaribu kukumbuka. Sikuweza! Alikuwa akikaa kitandani na mtoto, midomo inacheza, sauti haitoki...

Mama mkwe aliondoka, na hajarudi tena. Mabinti huniuliza bibi yuko wapi.

Huota namwona mume wangu amesimama mlangoni, amenipa mgongo. Namwita Salim, hageuki. Namwita Samweli, hageuki. Nikiinua mikono kumwombea dua, moyo husita. Je, namwombea maghufira mtu ambaye hakuitaka dini yangu? Au nilimnyang'anya mama mtoto wake kwa haki ya karatasi?

Dada zangu, na nyinyi vijana mnaooana dini mbalimbali, nawasihi! Msitosheke na shahada, cheti wala ubatizo. Waketisheni wazazi wa pande zote mbili, kila mmoja aseme kwa kinywa chake anamwabudu nani na anataka azikwe wapi. Itauma, labda hata posa itavunjika. Na ivunjike! Muulize mwenzio leo, angali anaweza kukujibu. Mimi namuuliza wangu kila siku...