Mzee Aliyekataa Kupimwa

Siku ya soko, Daraja Mbili mjini Kisii hapapitiki. Kemuma alikuwa amesimama mbele ya lundo la mitumba, mkononi gauni la kijani lenye vifungo mgongoni, na alikuwa amelipenda hadi akasahau kwamba saa nane alitakiwa kazini.

"Litakutosha, mrembo," muuzaji alimwambia.

"Utajuaje? Una tepu?"

Muuzaji hakuwa nayo. Kijana aliyekuwa akichagua sweta upande wa pili alicheka, akafungua mkoba wake na kutoa tepu ya manjano, kubwa kama sahani ya ugali.

"Hii hapa, madam. Ni mita hamsini. Kiuno kikiisha mapema tutapima na barabara."

"Wewe ni fundi wa nguo?"

"Napima mashamba. Naitwa Haron Omosa, ofisi yangu iko Nyamira. Lakini kiuno sijawahi kupima, kwa hivyo shika mwenyewe."

Kemuma alijipima mbele ya soko zima bila haya. Gauni lilimtosha. Kijana naye hakuwa mbaya: mrefu, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa udongo mwekundu hadi kwenye kamba. Mwanamume mwenye viatu vichafu na shati safi, alijiambia, anafanya kazi na bado anajiheshimu.

"Na wewe unafanya nini?" Haron akauliza.

"Mimi pia napima. Napima watu."

"Wa majeneza?"

"Wacha uchawi! Wagonjwa, walio hai."

Basi simu zikaanza, asubuhi, mchana na jioni.

"Mpima watu, umekula?"

"Nimekula, mpima mashamba. Leo umegombanisha ndugu wangapi?"

"Wawili tu. Kila mmoja anataka ashike tepu. Nimewaambia mwenye shamba hashiki tepu, mpenzi. Akishika, kila mwaka shamba linaongezeka."

"Hata kwetu ni hivyo," Kemuma alisema huku akicheka.

Na ilikuwa hivyo kweli. Ofisi yake ilifanya utafiti wa dawa mbili za ugonjwa wa kuvimba mishipa ya damu. Wagonjwa waligawanywa makundi mawili, kila kundi na dawa yake, na Kemuma hakutakiwa kujua nani anameza ipi. Kazi yake ilikuwa kupima tu: kuhesabu madoa mekundu ya miguuni, kugusa vidole kwa uzi kuona kama vimekufa ganzi, kuuliza maswali, kisha kuandika alama. Alama zikishuka, dawa inafanya kazi. Zikipanda, ugonjwa umerudi. Mpimaji hakuruhusiwa kuwa na undugu na anayempima, maana ukipenda chongo utaita kengeza.

Katika wagonjwa wote alimpenda zaidi Mzee Nyasani, mkulima wa chai na ndizi kutoka Birongo. Kila baada ya wiki sita mzee alivua buti zake za mpira, akapandisha suruali hadi magotini na kusema kila kitu. "Hiki kidole kimelala, mwanangu. Kile kimeamka." Mgonjwa asiyeficha ni dhahabu.

Kemuma hakujua kwamba huyo ni baba yake Haron. Angejuaje? Haron alibeba jina la babu yake, na kliniki mzee aliletwa na binti yake. Haron naye alijua tu kwamba baba anatibiwa Kisii. Aliyekuwa wa kwanza kujua ni mzee mwenyewe. Jumapili moja Haron alifika nyumbani, akamwonyesha picha kwenye simu, Kemuma ndani ya gauni la kijani.

"Baba, huyu ndiye."

Mzee aliitazama, akairudisha simu haraka kana kwamba imemuunguza. Msichana huyu alikuwa ameshika nyayo zake!

"Ni mzuri," alisema, akatoka kwenda kuwakatia ng'ombe majani ambayo yalikuwa yamekwisha kukatwa.

Abagusii wana chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na mkwewe. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani hata mkono, sembuse nyayo. Sasa mzee afanyeje? Akisema, huenda akamharibia kijana uchumba kabla haujaiva. Asiposema, atavuliwa buti na mkaza mwana wake. Akachagua njia ya tatu, mbaya kuliko hizo mbili. Alinyamaza, na akaapa kwamba buti hazitavuliwa.

Siku ya kliniki ilipofika alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia imefunika macho.

"Mzee, tuanze na miguu."

"Miguu ni buya," alijibu, yaani ni mizima.

"Vidole je?"

"Buya."

"Si utoe buti kidogo nione?"

"Kuna baridi," mzee alisema, na nje jua lilikuwa likiwaka.

Kusema kweli mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kumlegea, na ndani ya buti zile madoa mapya yalikuwa yamechipuka. Lakini Kemuma hakuweza kuandika asichokiona. Aliacha nafasi ya alama wazi, akaandika: amekataa kupimwa.

Baada ya siku mbili daktari mkuu wa utafiti, Lorna Nyamweya, alimwita ofisini.

"Mzee wa Birongo amepiga simu. Hataki umguse tena. Ulimfanyia nini?"

"Sijui, daktari."

"Akijitoa sasa, hatutajua kama dawa yake ilimsaidia au ilimwacha aangamie. Nenda ukafikirie ulipokosea."

Kemuma alifikiria hadi kichwa kikauma. Jioni Haron alipopiga simu, Kemuma aliitika kwa sauti ya kulia.

"Kuna mgonjwa amenikataa, Haron."

"Nani huyo asiye na macho?"

"Mambo ya mgonjwa hayasemwi."

"Basi njoo kwetu Birongo Jumapili. Huku hakuna wa kukukataa, mpenzi. Mama anataka kukuona."

Jumapili Kemuma alivaa gauni la kijani, akajifunga leso begani kwa ajili ya baridi, akafika Birongo na mkate na majani ya chai. Mama Haron alimpokea kwa mikono miwili na kumkalisha uani. Hata kikombe hakijapoa, mzee akatokea mlangoni.

"Mzee Nyasani?" Kemuma aliinuka.

Mzee alishusha kofia hadi puani, akageuka na kutokomea ndani ya migomba, mguu wa kushoto ukiburuta. Kemuma aliona mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, amekataliwa tena. Pili, ugonjwa umerudi. La kwanza lilimuuma, la pili likamtisha.

"Ni huyu!" alimwambia Haron. "Ni huyu aliyenikataa, na umenileta nikataliwe mara ya pili!"

"Baba yangu? Wewe humjui baba yangu!"

"Namjua kuliko unavyodhani."

"Na hukuniambia?"

"Sikujua ni baba yako! Na hata ningejua, mambo ya mgonjwa hayasemwi."

"Basi rudi Kisii ukapime wengine!" Haron alisema, na papo hapo akajuta. Lakini neno likitoka halirudi. Kemuma alichukua mkoba wake akashika njia ya langoni, machozi yakimtiririka.

"Wewe mwanangu, simama," Mama Haron aliita. "Na wewe Haron, baba yako ulimwonyesha picha ya huyu lini?"

"Ile Jumapili nilileta unga."

"Kabla aende kliniki ama baada?"

"Kabla."

Mama alipiga makofi, akacheka hadi akashika nguzo ya jiko. "Jameni! Huyu mzee karibu aoge na buti, namuuliza ni nini, ananiambia baridi, kumbe ni chinsoni! Mwanangu, hujakataliwa. Umekubaliwa mpaka ukapitiliza."

Kemuma alisimama langoni. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukashuka kwa hofu.

"Mama, ule mguu. Ukiachwa hivyo, ugonjwa unaweza kufika kwa figo. Lazima apimwe upesi."

Sauti ya mzee ikatoka migombani. Alikuwa amesikia yote.

"Haron!"

"Naam, Baba."

"Muulize huyo msichana jambo moja, na umuulize sasa hivi. Kama ni mke wako, nitafutieni mtu mwingine wa kunipima. Kama si mke wako, aje hapa anitoe hii buti. Mguu unaniuma!"

Haron alijikohoza. Hakupiga goti, maana udongo ulikuwa umelowa na suruali ilikuwa ya Jumapili.

"Kemu, nilipanga kukuuliza Desemba, niwe na pete na wazee..."

"Uliza. Mguu unangoja."

"Nimekutukana saa hii, nisamehe. Nakupenda. Utakubali nikuoe?"

"Hilo la kunitukana tutaliongea," Kemuma alisema, akipangusa macho. "Kwanza nipishe nipige simu."

Alijua anachokiachilia: mgonjwa aliyemfuatilia tangu siku ya kwanza, na pengine sifa yake mbele ya daktari. Mwenzake wa kazini akapokea.

"Ronny, kesho asubuhi chukua faili la Mzee Nyasani. Umpime wewe, kila kitu, upya. Daktari nitamweleza mwenyewe."

"Kwani umefanya nini tena?"

"Sijafanya kitu. Siwezi kumpima tena, Ronny. Ni baba mkwe wangu."

Mama Haron akapiga vigelegele. Haron aliketi juu ya ndoo ya maziwa bila kuangalia kama ina maziwa. Yalikuwemo.

"Mwambie huyo Ronny ni mguu wa kushoto!" mzee alipaza sauti kutoka migombani. "Na si tangu jana, hii ni wiki ya tatu! Madoa nimehesabu kumi na moja! Na vidole viwili vya mkono vimelala!"

Kemuma aliyageuzia migomba mgongo, kama heshima inavyotaka, akaweka simu sikioni. "Andika, Ronny," alisema huku akicheka na kulia. "Anasema ni mguu wa kushoto."