Punda wa Ozi Katika Miji ya Wapolandi

Zama zile Wareno wangali wameishika ngome ya Mombasa, na Ozi ingali dola yenye mfalme na siwa, pembe yake ya enzi, Mwinyi Kae bin Shale alitoka kwao kwa safari ambayo hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuifikiria. Alikuwa mpwa wa mfalme, mrefu, mpole wa kusema. Alitumwa kumpelekea Sultani wa Istanbuli tunu kutoka nyika za Ozi: punda milia jike, mzuri wa kutazama, mwepesi wa meno, asiyekubali kuongozwa na mkono wowote ila wa Kae. Kwa tabia hiyo watu walimwita Mkaidi.

Waziri wa Sultani alimtazama Mkaidi mara moja tu. Alipoona anavyomng'ata bega msimamizi wa farasi, aliamua kuwa zawadi bora kama hiyo inamstahiki mfalme wa Poland, ambaye siku zile ilikuwa lazima apozwe moyo kwa ajili ya amani. Akamwambia Kae ampeleke mnyama huko. Mnyama akifika hai, Kae angepewa marikebu ya kumrudisha kwao; akifa njiani, basi asirudi Istanbuli kuomba kitu.

Walifuatana na Sarkis, Mwarmeni muuza mazulia, aliyejua Kiarabu na Kipolandi pia. Lakini walipofika mji wa Lwow homa ilimwangusha Sarkis, na theluji ilikuwa karibu. Ilibidi Kae aende peke yake. Kitandani pake Sarkis alimfundisha maneno machache, na Kae akayashika kama yalivyoingia katika sikio la Mswahili: voda ni maji, shano ni majani makavu, dobre ni zuri, nye ni hapana, jenkuye ni ahsante.

Kae aliuliza mbona hakufundishwa hata neno la mkate.

"Wewe ukinyamaza watakuonea huruma, watakulisha," Sarkis alimjibu. "Mnyama wako akinyamaza atakufa. Jifunze maneno yake kwanza."

Hivyo Kae akazipita nchi za ugenini kwa lugha ya zizini. Kilemba chake kilikuwa cheupe, joho lake la mahameli limetiwa manyoya ya mbweha aliyonunua Lwow, na mkononi alishika mkuki wa kwao. Katika mji wa Zamosc watoto walimfuata wakipiga kelele, "Malovani! Malovani!" Hakulijua neno hilo mpaka alipofika Lublin. Huko bibi mmoja muuza kabichi alilowesha kitambaa, akamsugua Mkaidi ubavuni, akakitazama kitambaa kama kimeingia rangi. Ndipo Kae alipofahamu: walidhani mnyama kapakwa rangi. "Nye malovani," alisema kwa heshima zote. Bibi akamtazama sasa yeye usoni, kitambaa bado kiko mkononi, akaona haya kuuliza. Kae akamnyooshea mkono wake mwenyewe asugue. Wakacheka wote wawili, na jioni ile mgeni akala kabichi mpaka akashindwa kuinuka.

Mkasa ulimkuta Borowiec, mji mdogo wenye ukuta kando ya mto Wisla. Genge la wanyang'anyi lilikuwa likizunguka misitu ya pande zile, na mkuu wa lango, mzee aliyeitwa Maciej, mwenye masharubu kama mikia miwili ya ng'ombe, alikuwa akimkagua kila aingiaye. Mbele ya Kae palikuwa na magari ya farasi yaliyojaa majani makavu. La kwanza lilikuwa limekwisha kuingia chini ya tao la lango.

Mkaidi alikuwa na njaa. Alinyoosha shingo akang'oa kinywa kizima cha majani katika gari la nyuma, na pale palipobaki wazi Kae akaona kiatu cha askari, na juu ya kiatu, mguu.

Neno la adui hakuwa nalo. Neno la hatari hakuwa nalo. Alimwendea Maciej, akasema kwa utulivu, "Shano nye dobre."

Walinzi wakacheka. Maciej naye alicheka, akamwonyesha kwa kidole zizi la ndani ambako, kwa jinsi alivyoashiria, majani yalikuwa mazuri kuliko hayo. Kae alirudia maneno yale yale. Hawakuacha kucheka. Basi akageuka, akauchomeka mkuki wake ndani ya majani, na majani yakalia kwa sauti ya mwanamume.

Hapo kicheko kikakatika. Magari yalipasuka, watu wakaruka wenye panga zilizopinda na bunduki za kuwashia utambi. Kae alipigana akiwa ameishika kamba kwa mkono mmoja. Kiongozi wa genge alimjia kwa nyuma, akakosea kupita karibu na miguu ya Mkaidi. Teke moja la kifua likamwangusha katika handaki la ukuta pamoja na upanga wake. Maciej na watu wake waliliburura gari la kwanza nje ya tao ili lango lipate kushuka. Wakamwita Kae aingie. Lakini Mkaidi alikita kwato zake nje ya kizingiti, akakataa katakata.

"Mkaidi hafaidi hata siku ya Idi," Kae alimwambia huku akimsukuma, na jasho likimtoka katika baridi ile. Kumwacha hakuweza. Ndipo Maciej, risasi zikimpita masikioni, alipookota konzi ya majani yale yale ya wanyang'anyi, akarudi kinyumenyume mbele ya mnyama akimbembeleza: "Shano dobre. Shano dobre." Mkaidi akaingia, na lango likaanguka nyuma ya mkia wake.

Borowiec ikaokoka. Watu wake walimwita Pan Shano, Bwana Majani, na Maciej mwenyewe akamsindikiza hadi Warshawa. Huko Mkaidi alipokewa na watu wa zizi la mfalme akiwa hai na mnono. Walipoagana, Kae alisema jenkuye, na mzee akamkumbatia mpaka kilemba kikamvuka.

Waandishi wa nchi ile waliandika habari za amani. Za punda hawakuandika. Kae alirudi Ozi nywele zimeanza mvi. Mjomba wake mfalme alimwuliza barazani Wapolandi ni watu wa namna gani.

Kae alifikiri kidogo. "Walinicheka," alisema, "kisha wakanisikiliza. Nimepita miji mingi, Maulana, na wengi waliishia kwenye kucheka."