Afnan na Masomo ya Kuchagua

Ummukulthum na binti yake Afnan wanakaa ughaibuni, mtaa wa Thornton Heath, juu ya duka la kinyozi. Mama ni mtu wa Pemba. Anafanya kazi jikoni hospitalini. Afnan yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasoma bayolojia. Jioni mbili kwa wiki na kila Jumamosi anauza katika duka la dawa la Bwana Paresh, hapo hapo mtaani.

Mwaka huu wanafunzi waliambiwa wachague wenyewe baadhi ya masomo. Afnan alifurahi. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza. Kwa nini mkate unaota kuvu? Kwa nini maradhi mengine huenea na mengine hayaenei? Basi akachagua somo la kuvu, somo la historia ya maradhi ya kuambukiza, na somo la takwimu. Hakuangalia kwamba yote matatu yanafundishwa muhula mmoja, juu ya masomo ya lazima.

"Yote haya utayaweza?" mama yake aliuliza.

"Darasani ni saa chache tu, mama."

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikaja na vitabu. Afnan akawa anasoma kwenye basi, anasoma akila, anasoma huku mama yake akimsemesha.

Jioni moja dukani alimkabidhi mzee mmoja mfuko wa dawa. Bwana Paresh alitupia jicho jina lililobandikwa kwenye mfuko, akamwita yule mzee kabla hajatoka mlangoni. Jina la ukoo lilikuwa kama lake, la kwanza halikuwa lake. Dawa zilikuwa za mtu mwingine.

"Nisamehe, Bwana Paresh," Afnan alisema.

Bwana Paresh, aliyekulia Tanga, alisema kwa sauti ya chini, "Angekunywa zile angelazwa. Wewe si mzembe, binti, nakujua. Umechoka. Nenda nyumbani. Tutazungumza ukishapumzika."

Nyumbani mama alisikiliza mpaka mwisho. "Basi acha kazi," alisema.

"Kazi naipenda, mama. Na inatusaidia."

"Basi liache hilo somo la kuvu. Kuvu tunalo bafuni, la nini kwenda kulisomea?"

Afnan alicheka, kisha machozi yakamtoka. Mama akaona jambo hili si la mzaha.

Kesho yake alimwita jirani yao Lydia. Lydia ni Mkenya, na kazi yake ni kuwashauri wanafunzi katika chuo kingine. Alikaa, akapewa chai, akamwambia Afnan afungue ratiba yake kwenye simu.

"Ulihesabu saa za darasani peke yake," Lydia alisema. "Wengi huteleza hapo. Kila saa ya darasani ina saa zingine mbili au tatu za kusoma na kuandika. Ukiongeza na duka, saa za kulala utazitoa wapi?"

"Sikujua, anti."

"Haya. Somo la kuvu wanalipima vipi?"

"Kazi za maabara, kidogo kidogo."

"Takwimu?"

"Mtihani, mwezi wa kwanza."

"Na historia?"

"Insha mbili ndefu." Afnan alitazama tarehe. Insha zote mbili ziliangukia wiki zile zile za ripoti za maabara.

"Unaona? Jina la somo halitoshi," Lydia alisema. "Uliza linafundishwa muhula gani, linapimwa vipi, na kama linagongana na zamu zako za kazi. Sasa niambie. Ni lipi ungelisoma hata kama hakuna mtihani?"

"Kuvu," Afnan alijibu bila kufikiri.

"Hilo usiliguse."

"Lakini nimeshachagua, anti."

"Vyuo vingi huwapa wanafunzi muda wa kubadilisha mwanzoni mwa muhula. Ukipita, umepita. Nenda kesho kwa mwalimu wako mshauri. Usikae ukingoja."

Afnan alikwenda. Mwalimu wake, Ian, alitazama kompyuta, akaona kwamba historia ya maradhi hufundishwa tena baada ya Krismasi. Akamhamishia huko. "Umewahi," alimwambia. "Ijumaa tunafunga mabadiliko."

Bwana Paresh naye alikubali kumbadilishia zamu. Zamu ya kabla ya siku ya maabara akaipeleka Ijumaa. Tangu hapo Afnan hatoi mfuko bila kumuuliza mteja jina lake kamili na anwani.

Alifaulu masomo yote ya muhula ule. Historia aliianza akiwa na nguvu, na usingizi wake ukamrudia.

Siku moja ya baridi alimchukua mama yake kutembea katika bustani ya jirani. Kwenye gogo lililooza palikuwa na kuvu la rangi ya chungwa. Mama aliinama, akalitazama kwa muda.

"Hili linakula nini?"

"Linakula huo mti, mama."

"Na mti ukiisha?"

Afnan alifikiri. "Hapo sijui. Jumatatu nitamuuliza mwalimu."

"Muulize," mama alisema, bado ameinama. "Na mimi uje uniambie."